Nilirudi Mofu Nikiwa Nusu

Wenzangu wa ofisi ya kilimo, ninyi mlionisindikiza nikiwa na mashavu mkanipokea nikiwa na mataya, mmeniuliza vya kutosha. Nikimaliza kumjibu mmoja, wa pili anaanza upya. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu. Habari za pasi, viza na mihuri sisemi, zinachosha hata aliyezipitia. Nitasema njia, watu, chakula na woga. Na woga ndio uliokuwa mwingi.

Kwa mliohamia karibuni: mimi ni Yustina, bibi shamba, naishi Mlabani hapa Ifakara. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa. Alifariki wakati binti yetu Neema alikuwa bado ananyonya. Aliugua homa za kwenda na kurudi, akakonda, akaisha. Hakupimwa, na mimi sikuuliza. Mnajua miaka hii mjane wa mtu aliyekufa kwa kukonda anavyotazamwa. Watu hawakuulizi hali, wanakupima kwa macho, kuanzia shingoni kwenda chini.

Kwa hiyo niliamua kunenepa. Nacheka nikiandika, lakini ni kweli. Nilikula kwa makusudi. Kila kilo ilikuwa inanitetea. Nikipita sokoni na mikono yangu minene nilikuwa nawasikia wakisema, "Huyu hana kitu, mwone alivyojaa." Hivyo ndivyo nilivyoondoka, nimejaa, nikamwacha Neema kwa mama yangu, kijijini Mofu.

Kijiji cha theluji

Nilipelekwa Japani kujifunza kilimo cha mpunga, karibu mwaka mzima, katika kijiji cha kaskazini ambako theluji inafika madirishani. Nilikaa kwa mama mmoja mjane kama mimi, mfupi, mkimya, mkulima wa mpunga tangu utoto. Hatukuwa na lugha. Yeye anainama, mimi napiga goti. Anainama zaidi, napiga goti zaidi, mpaka supu inapoa.

Supu yenyewe ndiyo habari. Ndani yake mna majani ya baharini, meusi, na ukiyachemsha yanatoa utelezi. Jamani! Mtu umekulia kwenye mlenda, uko ugenini, hujaona mboga ya kuteleza tangu utoke kwenu, utafanya nini? Mimi nilitokwa na machozi mezani. Kisha nikaomba bakuli la pili. Wenyeji wanatia vijipande viwili vitatu vinaelea kwenye supu. Mimi nilichemsha sufuria nzima, nikaunga kwa karanga za kusaga, nikala na wali asubuhi, mchana na jioni. Kwetu mboga ukiipenda unajaza bakuli, huihesabu kwa vijipande. Mama mwenye nyumba alicheka ameziba mdomo, akawa ananiletea mafungu makubwa kila akitoka dukani. Alifurahi, masikini, kupata mgeni anayependa chakula chake.

Nikaanza kukonda. Mwanzoni nilisema ni kazi, kisha nikasema ni baridi. Kanga niliyokuwa naifunga ndani ya nyumba ikawa inanizunguka mara mbili na ncha inabaki. Njaa nilikuwa nayo, tena njaa ya aibu, nakula kuliko vijana wa kiume wa kozi yetu, na bado nakonda. Moyo ukawa unadunda kama mtu anayetwanga na hataki kupumzika. Nikawa natokwa na jasho kwenye theluji. Nafungua dirisha, mama wa watu anakuja na blanketi kulifunga, nafungua tena. Vidole vikawa vinatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Na chooni nilikuwa siachi kwenda.

Kukonda, jasho, tumbo la kuendesha. Nani katika nchi yetu hazijui dalili hizo? Niliziimba mwenyewe semina ngapi. Nikajitazama kwenye kioo cha bafuni, nikamwona marehemu mume wangu amesimama pale na macho yake makubwa. Nilikaa chini sakafuni. Niliogopa kufa, ndiyo, lakini hofu kubwa haikuwa hiyo. Nilimnyonyesha Neema. Kama ninao, nimempa.

Wenyeji walitaka kunipeleka hospitali. Nikakataa katakata, nikawaambia kwetu wanawake hukonda wakikumbuka nyumbani. Waliamini, au walijifanya kuamini. Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba aliinama mpaka nikaogopa atadondoka, akanipa zawadi ya majani yale makavu yaliyojaa begi zima. Theluji ilikuwa bado haijaisha. Nilikuwa nimevaa blauzi nyepesi na jasho linanitoka.

Kutwa nzima Bombei

Ndege ya kwanza ilifika Bombei vizuri. Ya pili haikuwepo. Tukaambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka viti vikatujua. Akaja kukaa karibu yangu mama mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara wa vitambaa, mweupe wa meno, mchangamfu.

"Shoga, wewe wa kwetu?"

"Wa kwenu. Natoka Japani."

Akanitazama juu hadi chini. "Mie nilidhani Japani kuna chakula."

"Kipo."

"Sasa wewe ulikuwa unakula nini?"

Nikamwonyesha pakiti yangu, maana nilikuwa naitafuna hivyohivyo kavu, ndiyo iliyokuwa inanituliza. Akanusa, akairudisha haraka. "Mwenzangu, huu si mwani? Kwetu pwani unatupwa ufukweni, watoto wanaurukia. Zanzibar siku hizi wanaulima wauzie wageni, lakini kula! Makubwa!"

Tukacheka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilicheka kwa Kiswahili, na nikajisikia mtu. Kisha akauliza kama wanavyouliza wanawake, "Na shemeji hajambo?"

"Alifariki."

"Ooh, pole mwenzangu. Ajali?"

Ningeweza kusema ajali. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ajali. Nikasema, "Homa."

Aliinua mkoba wake uliokuwa katikati yetu, akauhamishia upande wa pili. Baadaye alinunua wali wa biriani akanitengea na mimi, mtu mwema kweli, lakini alinisogezea ile sahani ya karatasi kwa ncha ya kidole. Nilikula wote. Nilikula huku machozi yananitoka, na bado nilikuwa na njaa nilipomaliza.

Treni na kikombe cha maziwa

Dar es Salaam sikukaa. Nilikuwa sitaki mtu anayenijua anione. Nikapanda treni ya kwenda kwetu, daraja la tatu, nimejitanda mtandio mpaka puani. Mtandio huo una sababu mbili. Mimi nina uvimbe mdogo shingoni tangu usichana. Mama yangu anao mkubwa kidogo, na bibi yangu wa upande wa Njombe alikuwa nao mkubwa zaidi. Nyumbani tunauita shingo ya kina mama, tunaufunika, basi. Hakuna aliyewahi kuuliza una kazi gani.

Mbele yangu alikaa mzee wa Kisukuma na mke wake. Walikuwa wanahamia bondeni. Ng'ombe wao walitangulia na vijana. Mzee alikuwa na sauti ya kuitia mifugo, na hakuipunguza kwa sababu yuko ndani ya behewa.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa kwao, "shikamoo yako nimeipokea. Sasa mbona umekonda hivyo?"

"Safari, mzee wangu."

"Hapana. Tangu tuondoke umekula mihogo, mayai, na miwa. Umekula kuliko mimi. Ng'ombe anayekula hivyo na mbavu zinaonekana, ana kitu ndani."

Behewa zima likageuka. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamjibu kwa ukali, hasira nilikuwa nayo tele siku hizo, ilinipanda kwa jambo dogo na mikono inatetemeka: "Mzee, mimi si ng'ombe wako!"

Akaguna. Mke wake akampiga kofi gotini. Akanimiminia kikombe cha maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, nikanywa, baridi, machachu, matamu. Nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Yeye akakipokea, akachukua maji ya chupa, akakisuuza. Akakisuuza tena. Akatoa mkono dirishani akakikung'uta, akakifuta kwa ncha ya kanga ndani na nje.

Nikajisemea, haya Yustina, hata hawa wasiokujua wameshakujua. Nikageukia dirisha. Twiga walikuwa wamesimama kwenye majani, watu wanaonyeshana, mimi sioni. Nilikuwa nawaza mlango wa nyumba ya mama, nani atanifungulia, na atanipa mkono au hatanipa.

Nikasikia naguswa begani. Mama yule alikuwa ananipa kikombe kilekile, kimejaa tena mpaka juu. "Kilikuwa kimeganda ganda pembeni," akasema kwa Kiswahili chake cha shida. "Mgeni hanyweshwi kikombe kichafu mara mbili. Kunywa, mwanangu, kunywa unenepe."

Nikanywa. Treni ilisimama Kisaki, ikakaa, hakuna aliyejua kwa nini, akina mama wakaja na ndizi na samaki wa kukaanga, mimi nikanunua na kula, na mzee akawa ananitazama tu akitikisa kichwa.

Mlabani

Kaka yangu Fidelis alinipokea stesheni ya Ifakara. Alinipita. Nilimwita, akageuka, akaendelea kutafuta nyuma yangu. "Kaka, ni mimi." Akaniangalia. Kaka yangu ni mtu mzima, fundi seremala, sijamwona akilia hata kwenye msiba wa baba. Alichukua begi langu, akatangulia, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Nyumbani kwake wifi Anjela alinipikia wali wa nazi na kuku. Alinipokea kwa vigelegele vilivyokatika katikati. Chakula kilipoletwa, wao walikula kwenye sinia moja kama kawaida. Mimi nilitengewa sahani ya bati yenye ua jekundu, kikombe changu, na kijiko changu. Kijiko! Katika nyumba ambayo tangu nijue kula tunakula kwa mkono!

"Wifi, mimi mgeni rasmi leo?" nikauliza.

"Aa, wifi, nimesema labda umezoea mambo ya Kizungu."

"Japani si Uzunguni."

Kaka akasema, "Yustina, kula." Nikala. Baada ya kula nikaona wifi anaosha ile sahani peke yake, nje, na majivu, kisha akaianika juu ya mti wa uzio mbali na vyombo vingine. Nilitaka kumtukana. Lakini nikawaza ana watoto, na mimi mwenyewe, ningekuwa yeye, ningefanyaje? Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikuwa na uhakika kama anakosea.

Majirani walikuja kunisalimia. Walikuwa wengi mno kwa salamu. Mmoja niliyesoma naye alisema, "Mwenzetu umepungua kidogo," na nikasikia huko nje wanapoagana, sauti ya chini, "Amekanyaga waya yule. Mume si alikwenda hivyohivyo?"

Kesho yake kaka alinipeleka hospitali. Au niseme, alinipeleka hadi getini. Niliona foleni, nikaona mwanamke niliyemfahamu, miguu yangu ikakataa. "Kaka, nikiingia humo nitatoka na jina la ugonjwa. Niache nimwone mwanangu kwanza nikiwa sina jina." Akanisihi. Nikasema sitaki, ng'o. Akachoka na mimi, akanipeleka Kivukoni.

Mtumbwi wa Sabinus

Ilikuwa masika, barabara ya Mofu imelala chini ya maji, kwa hiyo njia ni mtumbwi. Sabinus, Mndamba mwenye mtumbwi mrefu, amenivusha tangu nikiwa msichana. Yeye anapanga abiria kwa uzito. Mizani hana, ana jicho. Anakutazama unavyoshuka ukingoni na anakuonyesha kwa kidole: wanene katikati, wa wastani wawili wawili, na wepesi, yaani watoto na wazee, mbele kabisa. Zamani mimi nilikaa katikati, na alikuwa akinitania, "Bibi shamba ndiye nanga yetu."

Nilimwamkia. Akaitikia, akanitazama, kidole chake kikaenda katikati kwa mazoea. Kikasimama. Kikahamia mbele.

Hakunitania. Nilikaa mbele na bibi kizee mmoja mwenye kuku kwenye tenga, na msichana mdogo wa shule. Katikati, mahali pangu, waliweka gunia la chumvi.

Safari ile niliogopa kila kitu. Mto ulikuwa umefura, unabeba magogo na mafungu ya matete. Kiboko alitoa pua upande wa kushoto, Sabinus akaacha kusukuma upondo, sote tukanyamaza, hata kuku. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa nguvu nikadhani kiboko anausikia. Bibi kizee akanishika mkono, na hakuuachia hata kiboko alipozama. Aliuangalia ule mkono unaotetemeka. "Tumeshapita, mjukuu wangu," akasema. "Mbona bado unatetemeka?"

Ulikuwa unatetemeka tangu Japani.

Tulipofika karibu na kijiji nilianza kutapatapa kutafuta maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa nimeyapanga tangu Bombei. Yote yalipotea.

Mofu

Mama alikuwa anaanika samaki. Aliniona nikitokea kwenye mashamba ya mpunga, akasimama. Alinijua papo hapo, wala hakuita jina, alikuja tu akanishika uso kwa mikono yenye harufu ya perege, akautazama, akanivuta kifuani. Hakuuliza kitu. Mama yangu anayeuliza hata kuku wametaga wapi, hakuuliza kitu!

Neema alikuwa nyuma yake, ameshika picha. Ile picha niliyopiga studio kabla ya kuondoka, nimejaa kwenye kiti.

"Neema, msalimie mama," bibi yake akasema.

Akaniangalia, akaiangalia picha. "Shikamoo," akasema, kwa adabu, kama anavyomwamkia mpita njia. Kisha akamwambia bibi yake, "Mama yangu ni mnene. Yuko Japani."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikakohoa.

Mchana mama akapakua. Sahani moja. Wali na perege wa mchuzi, akaketi mkekani, akaniita. Nikasema, "Mama, mimi nitengee."

"Nikutengee kwa nini?"

"Nitengee tu."

"Kaa hapa," akasema. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi nilipochovya mimi, akala. Akanywa maji kwenye kikombe changu. Niliyobakisha akayamaliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Kanga yangu akaivaa. Jasho langu akalifuta kwa kiganja. Watu wa jirani walikuja, wakaona, wakaondoka wakinong'ona, na mama akawa anaongeza kunisogelea. Nikasema moyoni, mama haogopi. Au hajui. Nikamwonea huruma kwamba hajui.

Mwani wangu nilikuwa naendelea nao. Nilimpikia mama, akauonja, akasema mlenda gani unanuka mto, akaniachia wote. Nikafurahi kubaki nao.

Kisha Neema akapata homa.

Nisiwachoshe. Ilikuwa malaria, zahanati walimpa klorokwini, akapona, akawa anarukaruka. Lakini kabla hajapona nilimpakata anachemka, nikayaona macho yake makubwa, na nikayaona macho ya baba yake. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Homa iliposhuka nikamwambia mama, "Nakwenda Ifakara kupimwa. Kama ninao, tumpime na mtoto. Sitaki tena kukaa sijui."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Nenda. Mimi nabaki na Neema."

Ifakara, mara ya pili

Safari ya kurudi sina la kusimulia. Nilikaa mbele tena.

Hospitali nilipangiwa daktari mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani ya kuning'inia. Sikumsubiri aulize. Nikamwambia, "Mume wangu alikufa amekonda, na mimi nimekonda, nina jasho na tumbo. Nipime huo ugonjwa, uniambie."

"Tutapima," akasema. "Ondoa mtandio."

Nikauondoa. Akaja nyuma yangu, akanishika shingo kwa vidole, akaniambia nimeze mate. Nikameza. Akasema nyoosha mikono. Akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, ikawa inapiga kelele kama jani kwenye upepo. Akasikiliza moyo. Akaniuliza kama nakonda kwa kukosa hamu ya kula. Nikasema hamu ninayo kama ya mchwa.

"Uvimbe huu tangu lini?"

"Tangu usichana. Ni shingo ya kina mama."

"Ni rovu. Na umekuwa unakula nini huko ulikokuwa?"

Nilikuwa na pakiti mkobani. Nikaitoa. Aliigeuza, akanusa, akavua miwani. "Mwani. Kiasi gani?"

"Sufuria."

"Sufuria kwa wiki?"

"Kwa siku."

Alinitazama, kisha, naapa, akacheka, halafu akaniomba radhi. Akanieleza taratibu. Rovu linakuja chakula kikikosa madini joto, haya wanayotia siku hizi kwenye chumvi. Tezi yangu ya shingoni ilizoea kubangaiza tangu utoto, na mama yangu vilevile, na bibi yangu. Mwani umejaa madini joto kuliko chumvi yoyote. Wajapani wanakula kidogo kidogo tangu utoto, miili yao imezoea. "Wewe umeipa shehena tezi yenye njaa. Imepandwa na wazimu. Inauchoma mwili wako kama jiko lisilozimwa." Alisema anaona hivyo, lakini damu ndiyo itakayosema. Tutapima yote mawili.

"Na kama ninayo yote mawili?"

"Tutajua yote mawili," akasema.

Kusubiri majibu ndiko kulikonizeesha. Nilikaa kwa kaka, nakula kwenye sahani yenye ua jekundu. Kila nikiitazama najisemea, hata kama ni tezi, hilo lingine halijafutika. Mume wangu alikufa kwa nini? Tezi haikumuua yeye. Nilikuwa nalala na kuamka na swali hilo. Mwani niliutupia mbuzi wa jirani. Alinusa akaondoka.

Siku ya majibu daktari alinikalisha. Nilikuwa nimeshika meza. Akasema, "Ule ugonjwa huna, Yustina. Tezi ndiyo."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akasema, "Huna. Na mwanao hukumpa kitu." Basi pale nililia kwa sauti mpaka muuguzi akafungua mlango, akadhani nimeambiwa kinyume. Mume wangu alikufa kwa nini, sitajua kamwe. Nilipewa vidonge, nikakatazwa mwani maisha yangu yote, nikaambiwa nirudi kliniki bila kukosa. Kaka aliiponda ile sahani ya bati kwa nyundo yake, uani, wifi akitazama. Nilimkataza, akaiponda.

Nilipofika Mofu mama alikuwa mlangoni tangu aliposikia sauti ya Sabinus. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Mama, sina. Ni shingo tu. Hii hii yetu."

Aliniangalia, akaiachia nguzo, akaingia jikoni. Nikasikia vyombo. Akatoka na wali na samaki. Sahani mbili. Moja akaiweka mbele yangu, nyingine akaenda nayo upande wa pili wa mkeka.

Wakati wote ule alikula na mimi, leo ninapomwambia sina ndipo ananitenga? Nikadhani haamini. Nikadhani kaka ametuma habari nyingine. "Mama," nikasema, "mbona umenitenga?"

Alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Mwanangu," akasema, "kila tonge nililokula na wewe nililimeza kwa woga. Kila moja. Nilikuwa nasema, kama ni kufa tufe wote, lakini asione kwamba mama yake naye amemkimbia. Nilikuwa silali. Nilikuwa nasukutua mdomo kwa chumvi nyuma ya nyumba, usinione." Akajifuta macho kwa bega. "Sasa huna kitu. Kula kwako, na mimi nile kwangu, nishibe. Tangu uje, kwa unavyokula wewe, sijashiba hata siku moja."

Akala wali wake wote, akaongeza. Neema akaja na picha yake, akasimama katikati yetu akitafuta pa kukaa, kisha akakaa kwangu.